Mkono Ulioniletea Chakula

Chuo kilipofungwa ghafla Machi ile ya korona, tulipewa siku moja tu kutoka hosteli. Nchiru nzima, kitongoji cha chuo chetu, ikawa magodoro barabarani. Mwenzangu wa chumba alikuwa akikohoa tangu Jumapili. Alisema ni vumbi, nami nikakubali kwa sababu nilitaka kukubali. Nilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: kwa nyanya yangu aliyenilea, Cucu kama tunavyomwita, kule Mbeere, upande wa Embu wenye jua kali. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu nikiwa mtoto. Baridi kidogo tu, anahema wiki nzima. Korona ikimpata huyu, nilijiambia njia yote, basi, kwisha.

Kwa hiyo nilifika na sheria zangu. Mdomo wangu hauna breki, nyumbani wanajua. Nilisimama nje ya boma nikapaza sauti: asinikaribie, asinishike, nitalala wiki mbili kwenye kile kibanda cha kuwekea ndengu, karibu na mbuzi. Nyanya hakunisikiliza. Alikuja moja kwa moja akitaka viganja vyangu avitemee mate kidogo, kama anavyombariki kila mtu wake anayerudi kutoka safari. Nikaruka nyuma.

"Ai, Cucu! Mate ndiyo yanaua watu siku hizi!"

"Mate yangu mimi?" akauliza.

Akarudi jikoni. Iliniuma, lakini heri aibu kuliko matanga.

Shida ikawa chakula. Nilimwambia aweke sahani chini katikati ya uwanja, aondoke, nije niichukue. Wee! Kwake hilo ni tusi. Anayewekewa chakula chini ni mbwa. Mtu hupewa mkononi. Tulibishana mpaka ndengu zikapoa. Mwishowe rafiki yake akaingilia kati. Hawa wawili waliolewa mwaka mmoja, mashamba yao yanapakana, na kila siku jua likishapinda huyo rafiki huingia kwetu bila hodi.

"Leta hiyo sahani," akasema. "Nitampelekea mimi. Mimi kifua changu ni kizima."

Nikasema sawa, asante Cucu, maana naye nilimwita hivyo. Sikufikiria mara mbili. Kusema kweli, nilijiona mwerevu sana.

Siku zile zilinitesa. Bati lilikuwa linawaka kuanzia saa nne asubuhi. Nilikuwa nakaa, nasimama, natoka, narudi, nawasha redio, nazima kwa sababu inatangaza maiti, nawasha tena. Kila nyanya aliposafisha koo nilichungulia. Majirani walikuja kunisalimia, maana mtoto wa chuo akifika ni lazima asalimiwe, nikawafukuza langoni kwa kelele. Nilisikia mmoja akisema huko chuo nimesomea kiburi. Shauri yake, nikasema.

Beberu wa nyanya alikuwa amefungwa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Beberu ni beberu. Harufu yake inakuingilia mpaka kwenye chai. Asubuhi ya siku ya sita niliamka, harufu haipo. Nikadhani ameuzwa. Nikachungulia: yuko, anatafuna, ananitazama. Nikanusa sabuni, hakuna kitu. Nikanusa shati nililolivaa siku tatu kwenye joto lile, hakuna kitu. Nikakaa chini.

Nilijua ni nini. Redio ilikuwa imetuambia. Nilipaswa kumpigia mhudumu wa afya wa kijiji, lakini tulikuwa tumesikia jinsi watu wanavyochukuliwa, boma lao linaogopwa hata na wauza maziwa. Nikanyamaza.

Saa nane rafiki ya nyanya akaja na sahani. Nikajifunga leso mdomoni, nikageuza uso, nikabana pumzi, nikaipokea mkononi mwake.

"Mbona leo huongei?" akanitania. "Umekula ulimi?"

Nikatikisa kichwa tu. Baadaye nikawaona wamekaa kwenye ngazi ya jikoni na kile kikopo chao kimoja cha tumbaku ya kunusa, kidole cha huyu, kidole cha yule, wanapiga chafya na kucheka. Damu ilinisimama. Kwa ajili ya nyanya. Nasema ukweli: nilimwogopea nyanya peke yake.

"Cucu, kila mtu na tumbaku yake! Na mkae mbalimbali!"

Nilipiga kelele mpaka nyanya, ili apate amani, akatafuta kikopo chake na kuhamishia kigoda chake chini ya mwarobaini. Nikapumua. Na sahani zikaendelea kuja kwa mkono uleule, siku baada ya siku.

Siku ya kumi na moja hakuja. Ilisemekana ana homa, kisha anahema, kisha watoto wake wakampeleka hospitali. Hakurudi. Alizikwa asubuhi moja haraka haraka, watu wachache wameachana mbali, na nyanya akaangalia kutoka upande wetu wa ua kwa sababu nilimkataza kuvuka. Watu walisema aliutoa ugonjwa sokoni. Huenda. Hakuna aliyewahi kunipima mimi.

Wakati huo wiki zangu mbili zilikuwa zimeisha na nilikuwa mzima kabisa. Nyanya pia. Jioni ya mazishi nilimkuta akichambua ndengu, nikakaa karibu naye kwa mara ya kwanza, nikamweleza yote: beberu, sabuni, shati, na jinsi nilivyonyamaza. Nilikuwa nalia. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Ungemwambia, bado angekuletea," akasema. "Yule namjua. Angekuja tu. Lakini angekuja akijua."