Jivu la Gereji

Miaka ile ya vita nilikuwa na diploma ya kilimo na sikuwa na pa kuifanyia kazi. Mashamba niliyosomea yalikuwa milimani, ambako hakukufikika, na mjini hakuna ofisi iliyonihitaji. Mama alinikatia kipande cha ua wetu wa Gihosha, akasema, "Basi lima hapa, tuone."

Nikaanza kwa kulima daftari. Upande mmoja niliandika vinavyofaa kwa bustani isiyo na dawa za kiwandani, upande wa pili visivyofaa. Samadi ilifaa, lakini je, ya ng'ombe aliyechanjwa? Maji ya sabuni yalifaa kuua vidukari, lakini sabuni ipi? Nikiwa bado naamua, vidukari walimaliza kabichi zangu.

Nyuma ya ua wa matete aliishi mwanamke niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Yeye aliacha masomo, akaolewa na fundi wa magari. Lengalenga zake, mchicha wa kwetu, zilikuwa na majani mapana kama viganja, na nyanya zilielemea vijiti vyake. Kila asubuhi nilichungulia nikitamani kuona hata jani moja la njano. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka na mbolea ya dukani haikuonekana sokoni, ila nilijiaminisha kwamba mume wake anaipata kwa wenye malori. Hilo lilikuwa rahisi kuliko kukubali kwamba ananishinda.

Kisha masista wa zahanati ya karibu wakatangaza mtaani kwamba wanatafuta mtu wa kuwapelekea mboga za wagonjwa, zisizoguswa na dawa. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza maishani. Sista mmoja akaja kutazama bustani zetu mbili. Kwangu alisoma daftari kwa heshima. Kwa jirani alichuma jani, akalitafuna.

Akamchagua yeye, kwa sharti moja: alete karatasi ya Kifaransa inayotaja kila anachotia bustanini.

Kesho yake jirani alikuwa mlangoni kwetu.

"Agronomu, Kifaransa yangu mi ilibakia kwa dawati. Uniandikie."

"Kwa nini mimi?"

"Sasa nani? We unajua bustani yangu kunipita. Kila asubuhi macho yako iko mule."

Niliona haya, nikachukua kalamu. Samadi, alisema, aliichukua kwa watu waliokimbia milima pamoja na ng'ombe wao, akaiacha miezi mitatu chini ya majani ya migomba. Alifunika udongo kwa nyasi kavu. Wadudu aliwanyunyizia maji ya pilipili. Kila jibu lilinichoma, maana hakuna nililoweza kulikataa.

"Na jivu unalomwaga kwenye yale matuta mawili?"

"Ni ya kwa bwana wangu, gereji. Kule wanachoma vitambaa, filta, kila kitu. Iko mingi."

Kalamu ikasimama. Vitambaa vilivyolowa mafuta machafu ya injini! Mstari mmoja tu, na sista angerudi kwangu. Nisingehitaji hata kusema uongo. Nikajiuliza kama ukweli ukiandikwa kwa wivu bado ni ukweli. Nikajiuliza kama kuandika "jivu" peke yake kungekuwa wema kwake au ubaya kwa wagonjwa. Yeye alikuwa anautazama mkono wangu.

"Jivu hilo lina sumu ya mafuta," nikasema mwishowe. "Mboga za matuta yale haziliwi."

"Njo sasa unasema? Umeniona nalibeba tangu mvua ya kwanza!"

"Sikujua linatoka wapi."

"Si ungeuliza! Ulikuwa unachungulia nini?"

"Mbolea ya dukani."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Mbolea ya dukani, siku hizi! We mutu!"

Kisha akaondoka, na kupitia matete nikamwona aking'oa mboga za matuta yale mawili, shina baada ya shina, bila kusita. Mimi ningefikiri mwezi mzima. Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote.

Akarudi na mikono yenye udongo. "Andika jivu ya jikoni, kuanzia leo. Na ile ya gereji andika pia, sista asome."

Nikaandika yote. Sista akasoma, akamwambia aanze na matuta yaliyobaki. Jumatatu jirani akapita mbele ya mlango wetu na kapu kichwani, na mama akamsifu kwa sauti. Nilimjibu salamu yake vizuri, nikaendelea kumchukia mpaka alipopinda kona.