Shangazi Kache, Mtalii wa Shanzu

Masika ya Shanzu hunuka mwani. Upepo wa kusi unapoanza kuvuma, bahari hutapika majani yake ufuoni marundo kwa marundo; mvua huyaloweka, jua likichungulia huyachemsha, na harufu yake ya chumvi na mboga iliyochacha hupanda juu ya kuta za mahoteli bila kumwomba ruhusa mlinzi yeyote. Wageni wa Ulaya huikimbia harufu hiyo, wakabaki kwao hadi mwezi wa saba. Mimi niliipenda. Nilikuwa mtoto wa Chaani, kule Changamwe, ambako pua huzoea moshi wa malori ya kontena kabla haijazoea uji, na likizo ile ya mwezi wa nne nilipelekwa kukaa na Shangazi Kache, dada mkubwa wa baba, katika chumba chake cha kupanga nyuma ya mahoteli. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nilidhani naenda kufua na kuteka maji. Kumbe naenda kutalii.

Shangazi alikuwa mtandikaji wa vyumba katika hoteli moja kubwa ya ufuoni. Mikono yake ilinukia sabuni hata siku ya Jumapili, na kitanda chake mwenyewe alikitandika kwa mikunjo mikali hivi kwamba nilipolala nilijihisi barua iliyotiwa ndani ya bahasha. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vitaulo. Asubuhi, kabla ya vyumba, aliviloweka vitaulo vidogo vyeupe katika maji yenye ndimu, akavikamua, akaviviringa na kuvipanga ndani ya friji, ili mgeni akiingia tu kwa mlango wa mbele apewe kimoja ajipanguse uso. Alikuwa amefanya hivyo tangu mimi sijazaliwa. Yeye mwenyewe hajawahi kupewa hata kimoja, kwa sababu wafanyakazi hupita geti la nyuma, lile linaloelekea jalalani, na jioni mkoba hupekuliwa. Isitoshe, kazi yake ilikuwa kibarua cha msimu. Mvua zikija hutumwa nyumbani, na mwezi wa saba majina huitwa pale pale getini nyuma. Usipoitwa, ndiyo basi, ukatafute riziki kwingine. Mwenzake mmoja hakuitwa kwa kosa la kuonekana amekaa kwenye kiti cha wageni, akipumzisha mgongo.

Mwaka ule, hoteli ikiwa tupu, meneja aliweka bango kando ya barabara kuwakaribisha wenyeji waje Jumamosi kula chakula cha mchana na kuogelea. Shangazi alisimama mbele ya bango lile akalisoma kwa sauti, akalirudia, kisha akaweka mkono kiunoni. "Wenyeji," akasema. "Nami ni mwenyeji wa wapi, wa mwezini?" Jioni hiyo, pale bombani ambapo wanawake wa mtaa hupanga mitungi foleni, alitangaza kwamba wiki hii yeye ni mtalii, na kwamba Jumamosi ataingia hotelini kwa geti la mbele pamoja na mtoto wa kakake. Wanawake walicheka mpaka maji yakamwagika. Jirani yake, Mama Riziki, hakucheka. Alimvuta kando akamwambia, "Kache, usichezee unga wako. Msimu ukifunguka na jina lako lisiitwe, bango litakulisha?" Shangazi akamjibu kwamba mtembezi hula miguu yake, na yeye miguu anayo. Lakini usiku nilimsikia akigeuka geuka kitandani, na hapo nikajua kwamba hakuwa akitania, na kwamba aliogopa.

Hata hivyo mtalii haanzi safari kwa mlo. Shangazi alikuwa amewasoma wageni kwa miaka mingi, akajua mwenendo wao kama anavyojua pindo za shuka. Mtalii habebi kitu kichwani, kwa hiyo tulibeba kikapu mkononi, ingawa shingo zetu ziliona vibaya kukaa bure. Mtalii hana haraka. Mtalii huuliza jina la kila kitu, hata lisilomhusu. Na mtalii haendi mahali, bali hutembezwa. Hili la mwisho lilimtatiza sana Athumani, dereva wa tuktuk kutoka Junda tuliyemkuta kituoni. Siku zile tuktuk zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, na Athumani aliitunza yake kama bibi harusi, hata pazia aliishonea.

"Mwaenda wapi, dada?" akauliza.

"Popote pazuri. Leo sisi watalii, kaka. Tutembeze."

Athumani alizima injini ili afikiri vizuri. Abiria wake wote walikuwa na pa kwenda: zahanati, soko, kilioni. Hakuna aliyewahi kumwuliza ni wapi pazuri. Mwishowe akawasha, akatupeleka moja kwa moja hadi mahakamani, akasimama mbele ya uzio. "Hapa ndipo ilipo mahakama yetu," akasema kwa fahari, "jengo la serikali, imara." Mahabusu walikuwa wakishushwa garini. Shangazi alilitazama jengo kwa makini, akauliza limejengwa kwa mawe ya wapi, na Athumani, wallahi, alijua: mawe ya matumbawe, yachongwayo huku huku kwetu. Basi hapo mambo yakamnogea. Alitupeleka kuona miti iliyopandwa juu ya machimbo ya zamani, akatupeleka daraja la Mtwapa tukashuka kutazama maji ya mkondo yakibadilika rangi, kijani huku, kahawia kule, mvua iliposomba udongo wa bara. Kila tulipopita palikuwa na neno lake. Kulia kwenu ni shule niliyofukuzwa. Kushoto kwenu ni msikiti alikooa babangu. Nilikuwa nimefika Shanzu mara kadhaa kabla ya siku ile, lakini sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimepita tu nikiangalia nisikanyage matope. Tembea uone, husema wahenga, nami nasema ipo tofauti kati ya kutembea na kutembezwa. Anayetembezwa huambiwa kwamba macho yake yana thamani.

Ufuoni nako tulikwenda kwa ile njia ya umma, uchochoro mwembamba uliobanwa na kuta mbili za mahoteli, ambamo sauti ya bahari huja kwanza na bahari yenyewe baadaye. Vijana wauza leso na vinyago walikuwa wamejikunyata chini ya kibanda cha makuti, maana wageni hawakuwapo. Walitutazama tu wakaendelea na bao lao. Shangazi akakasirika. "Mbona mie hamniiti?" akawauliza. "Mzungu akipita na ndara zake mwamkimbilia mpaka majini. Mie sina macho ya kuona vinyago?" Walitazamana. Kisha mmoja, kijana mrefu mwenye kofia ya ukili, akainuka, akajikung'uta mchanga, akamsalimu kwa Kijerumani, kisha Kiitalia, kisha akamaliza kwa "Shikamoo, mama," akamtandazia leso zote mchangani kama anamtandazia malkia. Shangazi aliitikia marahaba kwa sauti nene, akazikagua moja moja, akasoma majina ya leso, ile misemo iliyoandikwa chini, akasifu, akakosoa, akaondoka bila kununua, kama watalii wafanyavyo. Kijana alicheka mpaka akashika magoti. Nilimtazama Shangazi akitembea mbele ya bahari na kikapu chake mkononi, nikaona fahari ikinipanda kifuani hadi nikakosa pa kuiweka.

Kisha Jumamosi ikafika. Shangazi alivaa gauni lake la kanisani lenye maua ya zambarau, akanisuka nywele kwa kukaza hadi nyusi zikainuka. Mama Riziki alitusindikiza kwa macho kutoka mlangoni kwake. Tulipofika geti la mbele, lile lenye mlingoti mrefu mwekundu na mweupe unaoinuliwa kwa magari ya wageni, mlinzi alikuwa Bwana Karisa, ambaye aliimba besi katika kwaya ya kanisa la Shangazi. Alimwona Shangazi akatabasamu. "Dada Kache! Si uko nyumbani wewe? Haya, zunguka nyuma, mpishi yuko." Alisema kwa wema kabisa. Hakuwa na nia ya kumdhalilisha, mazoea yalimsemea.

Shangazi hakubishana. Hakutaja bango, hakutaja wenyeji. Alirekebisha kikapu mkononi, akasimama wima mbele ya mlingoti, akaita kwa sauti ya mtu aliyefika mlangoni pa watu: "Hodi!"

Karisa akacheka kidogo, akageuka kutazama jengo. Amri aliijua: mfanyakazi hapiti mbele. Akimpitisha, hata jina lake yeye lingeweza kuingia mashakani. "Dada, usinitie mtihanini," akasema chini chini.

"Hodi!"

Kwetu pwani hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, mgeni hugeuka akaenda zake bila kinyongo, kwa maana wenye nyumba wana jambo lao. Na mwenye nyumba aliyeisikia akanyamaza makusudi, aibu ni yake mpaka kaburini. Karisa aliyajua hayo kama sisi. Alikuwa mwana wa watu, amelelewa. Nami nilijua kwamba Shangazi akiita ya tatu na isijibiwe, tutarudi njia ile ile tuliyoijia, mbele ya mtaa mzima, na kazi pengine imeshakwenda.

"Hodi," akaita mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Karibu," akasema Bwana Karisa. Kisha, kana kwamba besi yake ya kwaya imemrudia, akasema tena kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi: "Karibu, karibuni!" Na badala ya kutupisha kando, ambako palikuwa na nafasi tele ya watu wawili na kikapu, aliubonyeza ule uzito uliofungwa mwishoni mwa mlingoti, mlingoti ukainuka wote, taratibu, hadi ukaelekea mbinguni, kama unavyoinuliwa kwa basi la wageni. Ya baada ya hapo yamenitoka. Nakumbuka tu maua ya asmini pande zote mbili, na kokoto nyeupe zikilia chini ya viatu.

Mapokezi palikuwa na dada aliyemfahamu Shangazi vizuri. Alisita, akatazama huku na huku, halafu akachukua sinia, akaja nalo kwa mikono miwili na vitaulo viwili juu yake. Shangazi alikichukua chake akakishika muda mrefu, akakinusa. Akajipangusa uso, shingo, nyuma ya masikio. Alifumba macho. Kisha, jamani, mikono ile! Bila yeye kujua, ilikitandaza kitaulo juu ya goti, ikakikunja pindo kwa pindo na kukiviringa tena kama kilivyotoka kwenye friji. Akanipokonya na changu akakiviringa. Yule dada akashindwa kujizuia: "Da Kache, wacha! Leo ni kazi yangu." Walicheka wote wawili mpaka machozi yakawatoka, na sikujua kwa nini cheko lile lilikaribia sana kilio. Tulikula pilau na samaki wa kupaka. Meneja msaidizi alipita meza kwa meza, akafika kwetu, akamtambua. Kisha akauliza kama alivyouliza kwingine, mnaendeleaje. "Salama, twashukuru," akajibu Shangazi, na hakuinuka kitini. Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu humwona. Siku ile walimwona.

Miezi ile ya kungoja ilikuwa mirefu. Nilikuwa nimerudi Chaani, nami kila usiku niliomba Mungu. Mwezi wa saba habari ikaja kupitia kwa baba: jina la Shangazi limeitwa. Alirudi kazini kwa geti la nyuma kama zamani, mkoba wake ukapekuliwa kama zamani, wala hakuona amepungukiwa. Aliniambia kwamba geti la nyuma halimdhuru mtu anayejua la mbele linafungukaje.

Leo barabara ya Shanzu inapanuliwa, na mimi ni mmoja wa wapimaji wanaoipanua. Hoteli ile imefungwa, na mlingoti sijui ulikwenda wapi. Hoteli zilizobaki hujaa wenyeji kila Krismasi. Watoto wa Chaani na Junda hujipiga picha kando ya madimbwi ya kuogelea, wala hakuna anayewaelekeza pa kupitia. Nafurahi kuwaona, na naona pia kwamba hawajui kulikuwa na wakati mtu mzima alitetemeka kuomba kuingia. Mimi najua. Katika kazi yangu nimeingia vyumba vingi vya wanaume na ramani zao, nikiwa mwanamke peke yangu, na kila mara nilijipa moyo kwa kuuwazia mgongo wa Shangazi katika gauni la zambarau, ukinitangulia chini ya mlingoti.

Mwaka jana nilimwambia hivyo, nilipokwenda kumtembelea Rabai, alikojenga baada ya kustaafu. Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka. "Nikutangulie nani?" akasema. "Ule mti ulipoinuka, miguu yangu ilikataa, mwanangu. Nilisimama kama kigingi. Nilishaanza kutafuta neno la kumwambia Karisa, kwamba nilikuwa namtania tu. Kutahamaki nakuona wewe, ushapita, watembea katikati ya njia na kichwa juu, wala hukugeuka kuniuliza kama twaruhusiwa. Nikajiambia, mtoto kashaingia. Ndipo nikakufuata."