Bibi Wawili wa Nusra

Kila alipoulizwa kwao wapi, Nusra Hadley alijibu Euless, mji wa Texas, na mtu akacheka, akidhani anatania. Cheko hilo lilimkera tangu shuleni. Mama yake, Bi Mwanabaraka, mzaliwa wa Unguja, alikuwa mhudumu wa hospitali. Baba yake, Wendell, Mzungu wa Texas, alikuwa fundi wa ndege. Mashoga wa mama walimwita chotara. Kwa mapenzi, lakini chotara. Chuoni nako walimtaka aseme yeye ni nani hasa, utadhani ni mtoto aliyepotea.

Mwaka 2003 akaandika hadithi ya msichana mwenye bibi wawili: wa Unguja anampaka hina, wa Weatherford, hukohuko Texas, anamfundisha kupanda farasi. Mhariri wa kitabu cha waandishi chipukizi wa Texas aliipenda, ila kwa sharti.

"Ondoa bibi mmoja," alisema. "Msomaji atachanganyikiwa. Mbakishe wa Afrika."

Nusra alitamani kuwemo katika kitabu kile kwa kufa na kupona. Akamfuta Bibi Lorene wa Weatherford, bibi yake mzaa baba, na kila mstari ulimuuma. Hadithi ikabaki safi, imepooza.

Ikafika siku ya waandishi kusoma kazi zao mbele ya watu, katika maktaba moja ya Fort Worth.

"Mama, please, usije na crowd," alisihi. "Watu hukaa kimya, wana-clap mwisho."

"Mwanangu asome, mimi nije peke yangu kama mwizi? Thubutu!"

Akaja na kundi zima la mashoga zake, kanga na udi. Katikati yao, safu ya mbele, alikaa Bibi Lorene na kofia yake pana. Bi Mwanabaraka ndiye aliyempitia kwake.

Nusra akamwona. Angemsomeaje bibi yake hadithi alimomfuta? Akaweka karatasi chini, akaanza kusimulia ile ya mwanzo, aliyoijua kwa ghibu.

Alipofika pale bibi wa Weatherford anapomshikisha hatamu, Bi Kidawa, shoga wa mama yake, hakustahimili. Kwao mtu akikukuna kwa maneno unamtunza papo hapo, hungoji amalize. Akapiga kigelegele, akaenda kumvisha Nusra kanga yake mabegani. Wenzake wakafuata. Mhariri, aliyeketi pembeni, akawa mwekundu usoni, na Nusra akatamani ardhi immeze.

"Wanafanya nini?" Bibi Lorene alinong'ona.

"Wanamtunza," Bi Mwanabaraka akamjibu. "Neno likikugusa, unainuka."

Bibi Lorene akainuka. Kanga hakuwa nayo. Akavua kofia, ya marehemu mumewe, ambayo hata Wendell hakuthubutu kuigusa, akamvika mjukuu wake juu ya mtandio aliojitanda kichwani. Hapo ukumbi mzima ukasimama, Wazungu na watu weusi, makofi yakarindima, na Nusra akalia kwa furaha bila kujificha.

Mhariri akamsogelea. "Sasa tuchape ipi?"

"Bibi wawili," Nusra alisema, "au nirudishie hadithi yangu."

Mhariri akawatazama wanawake wale, kisha Bibi Lorene, ambaye alikuwa hajakaa.

"Wawili," alisema.