Mkufunzi wa Wiki Mbili

Kijiji chetu cha ujamaa kule Urambo kilimpeleka mkulima mwenzetu mjini Tabora akasomee kujihami dhidi ya wezi. Wiki mbili tu, akarudi mkufunzi, kifua mbele, hata wazee anawapigia saluti badala ya shikamoo.

Sisi mgambo tukapangwa uwanjani. Akanikabidhi ufito wa kuanikia tumbaku: "Dada, nishambulie kwa nguvu zote!"

Nikamshambulia. Mimi natumia kushoto. Ufito ukatua sikioni kabla hajainua mkono. Akachuchumaa, sikio kalishika, akanifokea: "Mkono wa kushoto hatukufundishwa! Huo una kozi yake!"

Kamati ya kijiji ikakaa jioni ileile, na bila haya ikaamua kwamba mkufunzi aendelee kufundisha, ila mimi nishambulie kwa mkono wa kulia.

Wezi hawakualikwa kwenye kikao.