Nyambizi Yenye Ufizi

Kazi yangu pale Bunia ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na mama yangu mzazi hakuwa na meno ya mbele. Watu wa Mbunya, mtaa wetu, hawakuhitaji zaidi ya hayo ili wafurahi. Mganga hajigangi, walisema wakipita mlangoni kwangu, nami nilijifanya sisikii.

Meno yake manne yalibaki kwenye barabara ya Irumu, mahali alipoanguka tulipokuwa tunakimbia vita. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeungua pamoja na picha zote. Sasa ilikuwa amani, ile amani ya kulala viatu vikiwa karibu na mlango, na nilipopata tena rezini na nta za kuundia meno nilianza na yeye. Zamani alikuwa na mwanya katikati, na kupitia mwanya huo alipiga mluzi wa kutuita kula, mluzi uliotufikia mpaka mtoni. Mimi nilimpa meno yaliyonyooka, yaliyobanana, bila kosa. Niliuziba mwanya, nikaona nimemfanyia hisani.

Aliyavaa, akajitazama kwenye kioo, akayatoa.

"Ni muzuri sana, mutoto yangu," alisema. "Lakini haiko yangu. Iko ya ule madame wa kwenye kalandriye ya ukuta."

Niliudhika. Nilimwambia watu wanatoka mpaka Mahagi-Port, kule ziwani, kuja kutafuta meno kama hayo. Akanijibu basi niwape. Aliyaweka ndani ya kikombe, akakifunika kwa kitambaa, akaendelea kutafuna kwa upande na kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Ule mkono ndio ulioniuma.

Wakati huo ndipo alipokuja askari mmoja wa kigeni, wa wale waliotumwa kulinda amani, aliyevunjika jino kwa mfupa wa mbuzi. Nilimtengenezea jingine. Aliligusa kwa ulimi, akaenda zake, kesho yake akarudi na boksi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha nyambizi ndogo, yenye urefu wa mkono wangu toka kwenye kifundo cha kuvalia saa mpaka ncha ya kidole. Ujanani alifanya kazi ndani ya nyambizi hiyo hiyo, ile kubwa yenyewe, kabla haijakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Vidole vyake vilikuwa vinene, akaogopa kuiharibu, akaniomba niiunganishe mimi. Tena, alisema kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, waliotengeneza boksi wamekosea mambo mengi, naye alitaka yote yawe sawa kabla hajarudi kwao baada ya wiki sita.

Sikuwahi kuona nyambizi. Alinieleza kwamba ni meli inayojengwa ili izame, kisha itoke. Kwenye ziwa letu meli huzama bila kujengewa, na hazitoki, lakini hilo sikumwambia.

Niliifanya kazi ile kwa hasira, kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja akubali mkono wangu. Feni ya nyuma ya kusukuma maji ilikuwa na mapanga manne. Yeye alikumbuka matano, nikayakata mapya kwa bati. Mnara ulizidi kwa milimita moja, nikaupiga tupa. Matundu ya kuingizia maji yalikuwa yamechorwa tu, nikayatoboa yote, thelathini na moja kila upande, kwa sindano ya kusafishia mizizi ya meno. Mshono wa tumbo haukukutana vizuri. Niliuziba kwa rezini ya ufizi, ile ya rangi ya waridi, na mpaka siku ya kupaka rangi nyeusi nyambizi ile ilikuwa na ufizi mzuri kuliko wateja wangu wengi.

Alipokuja kuichukua aliigeuza, akahesabu matundu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaweka kidole karibu na pua ya nyambizi, upande wa kushoto. Hapo palibonyea, alisema. Siku moja yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani waligonga gati, na miaka yote aliyokaa humo hakuna aliyepanyoosha. Nilimwambia kwamba kwangu watu huja ili kasoro ziondolewe. Akasema bila kasoro ile, hii ni nyambizi ya jirani.

Mkono wangu haukutaka. Nilipasha moto kijiko cha nta, nikabonyeza, plastiki ikaingia ndani kiasi cha punje ya mchele. Nilikuwa karibu kulia kwa kazi iliyoharibika. Nikainua macho, kumbe anayelia ni yeye.

"Sasa iko yeye," alisema, kwa Kiswahili alichokiokota sokoni.

Nilifunga kazi mapema siku hiyo. Njia nzima niliona aibu, maana mgeni nilimsikiliza kwa ajili ya bonyeo moja, na mama yangu sikumsikiliza. Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe. Nilimwambia nataka kumtengenezea meno mengine, yenye mwanya, lakini picha zimeungua na sijui ulikuwa mpana kiasi gani. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jina langu mwenyewe.

"Fungua kinywa," alisema. "Si iko humo."

Mwanya wangu mwenyewe nilikuwa nimeutazama kwenye kioo kila asubuhi. Kesho yake nilijijaza plasta mdomoni, nikachukua chapa ya meno yangu mwenyewe, karibu nitapike, nikapima. Milimita mbili, ukiegemea kidogo kushoto. Sikunyoosha kitu.

Aliyavaa jioni, jua likiwa bado lipo. Alipitisha ulimi mara mbili, akatoka kwenda uani. Mimi nilibaki ndani nikisafisha vyombo vyangu. Halafu nikausikia ule mluzi.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na njaa sikuwa nayo. Niliacha vyombo, nikanawa mikono, nikaenda.