Mshipi wa Mjomba Siku ya Harusi Yangu

Nilifunga ndoa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa Morogoro hadi watu wa milimani nao wakaanza kuchagua rangi. Mjomba wangu, mkulima wa kabichi huko Uluguru, ndiye angenifikisha altareni, maana kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilimnunulia suti nyeusi ya mtumba. Mfukoni mwa koti tukakuta kitambaa kipana cha zambarau kinachong'aa, chenye mikunjo na kishikizo nyuma.

"Mbeleko ya Kizungu," mama akasema.

"Fupi hii, mtoto ataanguka," mjomba akajibu. Akaifunga tumboni juu ya shati, akajitazama kiooni. Hakuivua tena.

Mlangoni mwa kanisa la misheni bibi mmoja akauona mshipi wa zambarau, kama ule wa mapadre wakubwa, akampigia goti. "Tumsifu Yesu Kristo, Monsinyori."

Mjomba aligeuka kumtafuta huyo Monsinyori, hakuona mtu, basi akaitika mwenyewe. "Milele na milele, amina."

Bibi akatoa rozari ibarikiwe. Mkono wa mjomba ulikuwa tayari hewani paroko alipotokea.

"Monsinyori," paroko akamwambia kwa upole, "leo unahubiri wewe au mimi?"

Nilicheka hadi shela ikanivuka. Mjomba alinifikisha altareni amefunga vifungo vyote vya koti, jasho likimtoka.

Kwenye karamu alikuwepo mama wa Kihindi niliyekuwa nikiuza vitambaa dukani kwake. Alipouona ule mshipi akapiga makofi.

"Kamabandi! Umeipata wapi, mzee wangu?"

"Ndiyo Kiingereza chake?"

"Sasa ni Kiingereza. Nyumbani kwetu *kamar* ni kiuno, *band* ni kufunga. Neno la Kiajemi, likafika India. Waingereza walipokuja kututawala wakaichukua nguo, wakachukua na jina."

Mjomba akafikiri. "Yaani walisafiri mbali kote huko kufuata kamba ya kiuno?"

"Walifuata mengi, mzee wangu. Hiyo waliibeba tu."

Hapo mjomba akafungua koti, akacheza ngoma tumbo mbele, akimweleza kila aliyemkaribia kwamba yeye si Monsinyori, amefunga kiuno tu kwa Kiajemi.

Wiki iliyofuata nililetewa salamu zake kutoka mlimani: nimtafutie nyingine. Ile mkewe ameshaichukua, eti inampa joto tumboni akivuna kabichi asubuhi, na kuirudisha hataki.