Gari la Waingereza Lililobaki Uani

Mwanangu, mpaka leo naiona wazi siku tuliyomaliza matanga ya baba yangu mdogo kule Burungu, milimani upande wa Goma. Uani palikuwa na magari mawili, na watu wote walikuwa wanaangalia moja tu.

Baba mdogo alikuwa mfanyabiashara. Alitoka Butembo akiwa kijana, akafungua duka la chumvi, sabuni na vitambaa, kisha akaanza kusafirisha viazi na maharagwe ya wakulima wa Burungu na Muheto. Gari lake la kwanza lilikuwa landrova, gari la Waingereza, alilolinunua kwa wenye shamba moja kubwa walipofunga kazi na kuondoka. La pili alilipata uzeeni, pikapu nyeupe ya Kijapani yenye redio. Alikufa kwa ugonjwa wakati vita vilikuwa vimeshatuzoesha milio ya bunduki milimani. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diploma na miguu isiyotulia, nangoja tu matanga yaishe nishike njia.

Katika ukoo wetu, matanga yakiisha, vitu vya marehemu hugawanywa mbele ya watu wote. Mkubwa wa ukoo huita watoto wakubwa kwa umri, kila mmoja anachagua kitu chake, na mjane anachukua kinachobaki. Sikuambii kwamba ni haki. Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Mkubwa wetu siku hiyo alikuwa Papa Kasereka, kaka wa marehemu, mzee mnene wa maneno machache.

Akaanza na Muhindo, mtoto wa kwanza, ambaye mama yake alikuwa amekufa zamani. Muhindo hakungoja hata jina lake limalizike.

"Ile nyeupe," akasema.

Akafuata Paluku, mdogo wake. Huyu aliizunguka landrova, akapiga teke gurudumu, akaenda kuchukua cherehani. Watu wakacheka.

"Paluku, unaacha gari, unakamata mashini ya kushona?"

"Mashini iko na piesi ku soko," Paluku akajibu, akimaanisha vipuri. "Hii ya Waingereza, piesi nitaenda kuitafuta Londoni? Na nikiipata, bei yake itapita ya gari yenyewe."

Basi gari likabaki, na aliyebaki nalo ni Mama Kavira, mke wa pili, mwenye watoto wadogo. Elewa hali yake, mwanangu. Duka lilikuwa limeshaporwa. Mashamba ya viazi aliyapanda kwa mikono yake, na watoto wake walisoma palepale. Kama asingepata njia ya kuishi Burungu, ingembidi arudi kwa wazazi wake Butembo na kuanza upya, akiacha kila kitu.

Na nje ya ua alikuwa anangojewa. Fundi mmoja wa masufuria alikuwa amekuja kutoka Kitchanga, pamoja na vijana wawili, nyundo na kamba. Ujue kwamba bodi ya landrova zile ni ya alumini, na huku kwetu alumini inayeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Magari mengi ya namna hiyo yameishia jikoni, na watu wamekula ugali kutoka kwenye mlango wa gari bila kujua.

"Mama, minakusaidia tu," fundi akasema. "Hii iko takataka. Minaibeba leo, unakamata pesa, unarudi kwenu na watoto."

"Uzisha, mama," Muhindo akaongeza. "Umeshaona muntu anaenda ku mariage, ku arusi, mu gari kama hii? Iko ya mbuzi na makala ya kupikia."

Nami, kwa kuwa nilijiona msomi, nikasema dunia imeshasonga mbele na gari lile limebaki nyuma.

Papa Kasereka alimaliza kwanza kasiksi yake, ile pombe yetu ya ndizi, akaweka kikombe chini.

"Muhindo, ulizaliwa wapi?"

"Muheto, papa mukubwa."

"Muheto wapi? Ku maternité, ku hospitali?"

Wazee wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu.

"Ulizaliwa mu hii gari, mbele ya kufika Muheto, mvua inanyesha. Mama yako, Mungu amulaze, alishika kiti mpaka ikapasuka. Njo maana ile kiti iko na mshono." Akamgeukia Paluku. "Na weye, zile mbuzi za kuoa bibi yako zilienda kwa wakwe na miguu yao?" Kisha akanitazama mimi. "Na weye wa diplome. Minerval, pesa ya masomo yako, ilitoka mu viazi. Viazi vilifika ku soko namna gani? Viliota mabawa?"

Watu wakacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Hii gari imefanya kazi mbele ya macho yenu kila siku, njo maana hamuione tena," mzee akaendelea. "Ile nyeupe munaipenda kwa sababu bado hamujaizoea." Halafu akamwita fundi. "Na weye, kaka, kama iko takataka, umetoka Kitchanga na nyundo ya nini?"

Fundi mwenyewe akacheka. "Papa, kila muntu anatafuta chakula."

Sasa macho yote yakamgeukia Mama Kavira. Alikuwa bado ameketi kwenye mkeka wa matanga. Akanyoosha mkono kwa Papa Kasereka, akaomba ufunguo, akamwambia fundi kwa upole, "Kaka, masufuria niko nayo. Gari njo sina ingine." Kisha akaniuliza mimi, "Mutoto wangu, unajua kuendesha?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo itafika Muheto."

Hivyo safari yangu kubwa ikaahirishwa, nikawa shoferi wa mama mdogo. Tulianza na viazi. Baadaye tulipeleka chumvi na sabuni upande wa Walikale, mpaka pale ambapo njia ya Pinga inakatalia gari na pikipiki zinapokea mzigo. Tulirudi na mafuta ya mawese ya watu wa msituni.

Pikapu nyeupe haikumaliza msimu. Watu wenye bunduki waliichukua njiani, na Muhindo akarudi kwa miguu, mzima, tukamshukuru Mungu. Sisi tulisimamishwa kwenye vizuizi vilevile. Vijana wenye bunduki walilizunguka gari letu wakicheka.

"Hii ya babu yako?"

"Ya mama yangu."

"Pita. Itakufia hapo mbele."

Tulipita, na halikufa. Waliotaka gari walitaka lile ambalo lingewapa sura mbele za watu, na letu halikumpa mtu sura. Mapigano yalipofika Burungu, tulipakia wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga, tukawashusha Kitchanga, tukarudi kuchukua wengine, mpaka kilima chetu kikabaki kitupu. Hali ilipotulia Mama Kavira akarudi, akashika jembe.

Baadaye nilishika njia kweli. Nimekaa Goma, Kampala, Bujumbura, na kila mahali nimetamani harufu ya mafuta na viazi vibichi. Nimekutana na watu wanaokusanya magari ya zamani, wanayafuta vumbi na kuyafunika kwa shuka. Niliwauliza mbona mengi ya Waingereza wanayapita. Wakanijibu kwamba yale ya kawaida yalitengenezwa mengi mno, kwamba kuyatengeneza upya kunakula zaidi ya bei ya kuyauza, na kwamba waliokuwa wakiyatamani utotoni sasa ni wazee, na watoto wao wanatamani mengine. Sikubishana nao. Lakini nilielewa kwamba bei ya soko inapima tamaa ya watu wa leo tu. Kazi iliyokwisha kufanyika haimo ndani yake. Tamaa hubadilika, na nina imani zamu ya magari yale itafika.

Nilipopita Burungu mara ya mwisho, bwana mmoja kutoka mjini alikuwa uani, anataka kulinunua gari letu.

"Utalifanyia nini?" Mama Kavira akamuuliza.

"Nitaliosha, mama. Nitaliweka ndani, watu waje kuliangalia."

"Na viazi nitabeba na watu wanaoangalia?"

Watoto wake wote wamemaliza shule palepale. Shoferi wake sasa ni Muhindo, na mtu asithubutu kusema vibaya juu ya gari lile mbele yake.

Mwanangu, neno langu ni hili. Usione haya kwa kitu kilichokulea kwa sababu tu haking'ai, na usikubali anayekitaka akupangie bei yake. Kabla hujatupa kitu, au kumwacha mtu, kaa chini kwanza ujiulize kimekubeba, au amekubeba, mara ngapi. Na kama umepewa kile ambacho wengine wamekiacha, kipokee kwa mikono miwili, ukianzishe kazi kesho yake asubuhi.

Mungu akupe macho ya kuona mambo uliyoyazoea. Barabara za kwetu zitulie, mizigo yako ifike, nawe ukienda mbali, urudi ukute watu wako wanalima.